Mti Ukishapandwa, ni wa Nani?

Miti bilioni 15 ni hesabu inayofaa kukaliwa chini kabla ya kupigiwa makofi. Rais William Ruto alipozindua kampeni hiyo Desemba 21, 2022, iligawanywa haraka ili kila mtu apate fungu lake: miti 300 kwa kila Mkenya kufikia 2032, sawa na 30 kwa mwaka, mtoto mchanga na ajuza wa miaka tisini wakiwemo. Ukiigawa kwa siku inatisha zaidi. Ni miti zaidi ya milioni nne kila kunapokucha, Jumapili na kiangazi bila kupumzika, kwa miaka kumi. Shabaha ni kuinua eneo lililofunikwa na miti kutoka asilimia 12.13 iliyopatikana kwenye tathmini ya kitaifa ya 2021 hadi asilimia 30, na kurejesha hekta milioni 10.6 za ardhi iliyochakaa.

Kenya haikuwa peke yake katika kuahidi. Siku mbili kabla ya uzinduzi huo, mataifa yaliyokutana Montreal yalikuwa yamekubaliana kwamba kufikia 2030 angalau asilimia 30 ya maeneo yaliyoharibiwa yawe yanarejeshwa ipasavyo. Mapema zaidi, chini ya mpango wa Afrika unaoitwa AFR100, Kenya ilikuwa imeahidi kurejesha hekta milioni 5.1 na Tanzania ikaahidi milioni 5.2. Na katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 69, inaitaka serikali ifikishe na kudumisha miti kwenye angalau asilimia 10 ya nchi. Kwa ahadi hatuna njaa.

Kinachonitia wasiwasi ni kipimo. Serikali zetu hupenda kuandika malengo ya mazingira kwa kitu ambacho zenyewe zinaweza kukigawa, kukibeba kwa lori na kukihesabu kabla jua halijatua, nacho ni miche. Lakini kinachoamua kama mche utafika kuwa mti ni nani anayeruhusiwa kuutunza, nani atakayekula faida yake, na nani mwenye nguvu ya kumzuia jirani asiingize mbuzi. Mambo hayo hayagawiwi kwa lori. Yanataka serikali iachie kitu ilichoshikilia, na hapo ndipo kampeni nyingi zinapoishia.

Tuwe waungwana kwanza. Novemba 13, 2023 ilipotangazwa kuwa siku ya mapumziko ili watu wapande miti, tarehe ilichaguliwa vizuri. Vuli ilikuwa imeshika, tena vuli ya El Niño, na ardhi ilikuwa imelowa. Miche kutoka vitalu vya serikali ilitolewa bure, lengo la siku likawekwa miti milioni 100, na programu ya simu ya JazaMiti ikawekwa ili mtu aandikishe alichopanda na mahali alipokipanda. Mei 10, 2024, katikati ya mafuriko yaliyoua zaidi ya watu 200, ikatangazwa siku nyingine ya mapumziko, watu wapande kwa kuwakumbuka waliokufa. Sijaona serikali nyingine ya eneo hili iliyouweka mti kwenye kalenda kiasi hicho. Mtoto wa shule aliyepanda mwaka ule atakumbuka, na hilo si jambo dogo.

Ila yeyote aliyewahi kuhudhuria shughuli za namna hii anaijua picha. Mashimo yamechimbwa jana na vijana wa mtaa. Mgeni rasmi anashusha mche, anamwagia maji kutoka kwenye debe, anapigwa picha, anaondoka. Kundi linalofuata lina haraka zaidi; kiriba hakichanwi, mche unatumbukizwa na plastiki yake, na mizizi itazunguka humo ndani hadi ijinyonge. Miche iliyobaki inaachwa kando ya hema. Kwenye ripoti ya jioni yote ni miti: uliopandwa vizuri, uliopandwa na plastiki, na pengine hata ule ulioachwa pale hemani.

Halafu inakuja Januari. Vuli imekatika, masika hayajafika, na jua la Januari na Februari ndilo mtahini wa kweli wa kila mche. Wakati huo mche unataka mtu wa kuupalilia, kuuwekea matandazo shinani, kuumwagilia ikibidi na kufukuza mifugo. Hiyo ni kazi ya miezi mingi, haina kamera, na mara nyingi haina bajeti. Wangari Maathai alilielewa hili tangu alipoanzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani mwaka 1977. Akina mama waliooteshea vuguvugu lile miche walilipwa senti chache kwa mche ulioshika, yaani ule uliokutwa hai baada ya kupandwa. Malipo yalikuwa madogo sana, lakini yaliwekwa mahali penyewe, na mwenye kulipwa alikuwa mwenyeji wa hapohapo ambaye angerudi kesho kuutazama mti wake hata asipoambiwa.

Kuna kasoro nyingine ndani ya hesabu ya bilioni 15 ambayo haizungumzwi sana. Chukua miti hiyo uigawe kwa hekta milioni 10.6 zinazolengwa. Unapata miti kama 1,400 kwa hekta. Shamba la miti ya mbao lililopandwa kwa nafasi ya mita mbili na nusu huingia miti 1,600. Kwa maneno mengine, hesabu yenyewe imeandikwa kana kwamba ardhi yote iliyochakaa nchini inasubiri kufanywa shamba la mbao. Sasa tazama ramani. Zaidi ya asilimia 80 ya Kenya ni nchi kame na nusu kame. Nyika ya Garissa au Turkana ikichakaa, kilichopotea hapo ni nyasi, vichaka na miti michache iliyotawanyika. Ngamia, mbuzi, punda milia na mvua yenyewe walizoea hali hiyo. Kujaza miti 1,400 kwenye hekta ya nyika, hata kama ingeshika, kungekuwa kuunda kitu kipya kabisa na kukipa jina la urejeshaji.

Tena tumeshawahi kufanya hivyo, na tunajua kilichotokea. Miaka ya 1980 mwanzoni, mti wa mathenge uliletwa katika bonde la Baringo, pande za Marigat, kwa nia njema kabisa. Ardhi ilikuwa tupu, kuni zilikuwa shida, mmomonyoko unakula malisho. Mathenge ulitoka Amerika, unastahimili ukame, unakua haraka, hautaki kubembelezwa. Wataalamu waliupenda. Ukapandwa, ukashika, ukaenea peke yake kando ya mito na kwenye malisho, ukafunga njia za mifugo kwa miiba inayotoboa tairi na kwato. Maganda yake ni matamu kwa sukari, na mbuzi waliyala mpaka meno yakaoza na kung'oka. Jamii ya Ilchamus, wanaoishi kando ya Ziwa Baringo, walifika mahali wakaishtaki serikali, na kama ushahidi wakampeleka mahakamani mbuzi asiye na meno. Leo mathenge uko Tana River, uko Garissa, uko Turkana, na kimataifa unahesabiwa miongoni mwa mimea vamizi mibaya.

Ukiupima kwa idadi ya miti, mradi ule ulifaulu kupita matarajio ya kila mtu. Picha ya setilaiti inayopima kivuli cha majani ingeupa alama nzuri. Mikaratusi nayo ina hadithi inayofanana: ilihimizwa kwa miongo mingi kwa sababu inakua mbio na inaleta pesa, mpaka waziri wa mazingira John Michuki alipoagiza mwaka 2009 ing'olewe kandokando ya mito na chemchemi kwa kuwa inakunywa maji mno. Miti ileile iliyoingia kwenye ripoti kama mafanikio ilirudi kama tatizo la kutengewa fedha. Na hesabu ya miche, kwa jinsi ilivyoundwa, inajua kujumlisha tu; kutoa haijafundishwa. Marufuku ya kukata miti misituni iliyotangazwa Februari 2018 na Ruto mwenyewe, akiwa naibu wa rais, iliondolewa naye akiwa rais Julai 2023, kwa hoja kwamba miti iliyokomaa inaozea msituni huku watu wakikosa mbao. Hoja hiyo ina uzito kwa miti ya mashamba ya mbao, maana ile ni zao kama mahindi. Lakini mche unaorudishwa palipokatwa mti mkubwa unaingia kwenye safu ya iliyopandwa, na mti mkubwa hauondolewi popote.

Sasa twende Mau, maana ndiko swali la mwenye mti linakouma zaidi. Mau ndio msitu mkubwa kuliko yote katika nyanda za juu za Kenya, chanzo cha mito inayolisha Mara, Nakuru, Baringo na Ziwa Victoria. Kila serikali imeapa kuuokoa. Na serikali ndiyo iliyoumega: mwaka 2001, siku za mwisho za utawala wa Daniel arap Moi, makumi ya maelfu ya hekta zilitengwa zitolewe msituni kwa jina la kuwapa makazi wasio na ardhi, na sehemu kubwa ikaishia kwa watu wakubwa na wapambe wao. Kilichofuata ni miaka ya kufurusha, kurudi na kufurushwa tena. Wapo walioingia kwa hila. Wapo walionunua mashamba kwa hati zenye muhuri wa serikali, kisha serikali hiyo hiyo ikawaambia hati ni karatasi tupu. Sitaki kujifanya kwamba jambo hili ni rahisi.

Lakini kuna kundi moja ambalo kesi yake ilishaamuliwa. Waogiek, wawindaji na walina asali walioishi ndani ya Mau kabla ya kuwapo kitu kinachoitwa idara ya misitu, walipewa notisi ya kuondoka Oktoba 2009. Shauri lao lilifika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha. Mei 26, 2017 mahakama hiyo iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki zao. Ilisema pia jambo ambalo kila mpanga mipango ya misitu angepaswa kulibandika ukutani: kwamba Waogiek hawawezi kubebeshwa lawama ya kuharibika kwa Mau, kwa kuwa uharibifu ulitokana na uvamizi wa watu wengine, vibali vya kukata miti na umegaji uliofanywa na serikali. Juni 23, 2022 ikaja amri ya fidia, Sh157.85 milioni, pamoja na agizo la kuwatambua Waogiek na kuwapa hatimiliki ya pamoja ya ardhi ya mababu zao.

Miezi sita baadaye bilioni 15 zikazinduliwa. Na mwanzoni mwa Novemba 2023, walinzi wa misitu na askari walifika Sasimwani, upande wa Narok, wakaanza kubomoa na kuchoma nyumba za Waogiek. Siku zisizozidi kumi na tano baada ya hapo taifa zima lilikuwa na mapumziko ya kupanda miti. Sidhani kulikuwa na mtu aliyekaa akapanga mambo hayo mawili yaangukie mwezi mmoja. Yaliangukia mwezi mmoja kwa sababu kwenye vitabu vya serikali ni kazi moja: msitu ni eneo la kuondoa watu na kuongeza miche. Mlina asali anahitaji miti mikubwa yenye maua, tena ya asili. Akiuona msumeno anapiga kelele kabla ya mlinzi yeyote kusikia. Lakini hakuna safu ya kumweka kwenye jedwali, kwa hiyo anaingia kwenye safu ya wavamizi.

Nikitaka kumwonyesha mtu urejeshaji uliofaulu katika eneo letu, simpeleki kwenye kitalu. Nampeleka Shinyanga.

Usukumani kulikuwa na misitu ya miombo na migunga. Kuanzia miaka ya 1920 utawala wa Waingereza uliifyeka kwa eneo kubwa ili kuwafukuza mbung'o. Pamba ikaja ikataka mashamba mapya, ng'ombe wakaongezeka, kuni zikatafutwa mbali zaidi kila mwaka. Wasukuma walikuwa na dawa yao, ngitili: kipande cha malisho kinachofungwa mvua zinapoanza, nyasi na miti vipate nafasi ya kukua bila kuguswa, kisha kinafunguliwa kiangazi kinapobana ili ng'ombe wasife. Familia ilikuwa na ngitili yake, ukoo una wake. Kisha ikaja operesheni ya vijiji katikati ya miaka ya 1970. Watu walihamishwa wakasogezwa pamoja, na mtu aliyehamishwa kilomita kadhaa hawezi kulinda ngitili aliyoiacha nyuma. Ikawa malisho ya wote, maana yake isiyo ya mtu. Kufikia miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa ikiitwa jangwa la Tanzania, na ngitili zilizobaki katika mkoa mzima zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi.

Mwaka 1986, miezi michache tu baada ya Nyerere kung'atuka na kumwachia Ali Hassan Mwinyi urais, serikali ilikuwa tayari imeliona tatizo, na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ukazaliwa. Watu waliuita HASHI. Norway ilisaidia fedha. Mwanzoni HASHI ulifanya kile ambacho kila mradi hufanya: ukafungua vitalu, ukaotesha miti ya kigeni, ukagawa miche. Matokeo yalikuwa hafifu. Wataalamu walipokaa chini na wazee ikaonekana kwamba chini ya ile ardhi iliyoonekana imekufa kulikuwa na visiki na mizizi hai, mbegu pia, na kilichohitajika kilikuwa kuifunga tu. Mradi ukageuka. Badala ya kupeleka miche, ukasaidia watu kurudisha ngitili, wenye ngitili wakatambuliwa na serikali ya kijiji, na sheria ndogondogo zikapitishwa. Anayeingiza ng'ombe kwenye ngitili iliyofungwa alikuwa anapelekwa kwenye dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, na sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, wakahakikisha faini inalipwa. Hakuna haja ya kuwasifu sungusungu kwa kila walilowahi kufanya, lakini kwenye suala la mipaka ya malisho walikuwa wanaijua kazi yao.

HASHI ulipofika mwisho mwaka 2004, ngitili zilikadiriwa kufika kati ya hekta 300,000 na 500,000, katika vijiji zaidi ya 800. Tathmini iliyofanyika wakati ule ilikadiria kwamba mazao ya ngitili, yaani kuni, nguzo, malisho, asali, dawa, matunda, nyasi za kuezekea, yalikuwa na thamani ya dola 14 kwa mtu kwa mwezi, wakati wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini Tanzania ulikuwa dola 8.50 hivi. Ndege walirudi, na wanyama wadogo waliokuwa hawaonekani tena. Ukitaka kujua ilipandwa miche mingapi kufikia hapo, jibu ni kwamba swali hilo halikuwa na maana.

Kilichofanywa na serikali pale Shinyanga kilikuwa kigumu kuliko kugawa miche. Ilikubali kwamba sera yake ya vijiji, pamoja na mema yake mengine, ilivunja umiliki uliokuwa ukilinda uoto, na ikawarudishia watu mamlaka hayo kisheria. Upungufu ulibaki. Familia zenye ng'ombe wengi na ardhi kubwa zilipata ngitili kubwa, na maskini asiye na ardhi alitegemea ngitili ya kijiji au ya shule, ambayo mara nyingi ndiyo iliyotunzwa vibaya kuliko zote. Hilo nalo linathibitisha jambo lilelile: pale mwenye kufaidi alipokuwa hajulikani vizuri, miti iliteseka.

Niger, nchi maskini kuliko zetu na kavu kuliko nyingi, ilifika mahali hapohapo kwa njia yake. Sheria ya zamani, urithi wa Wafaransa, ilihesabu kila mti kuwa mali ya serikali hata ukiwa katikati ya shamba la mtu, kwa hiyo mkulima aliung'oa mapema kabla haujamletea faini. Sheria na utekelezaji wake vilipolegea, wakulima wakaanza kuacha visiki vichipue na kuvipogoa. Hekta zipatazo milioni tano zikapata miti tena. Dodoma wanaijua mbinu hiyo kwa jina la kisiki hai, na inaenea vizuri kwa sababu kitu kinachohitajika ni panga na ruhusa ya kuwa na mti wako.

Pwani nako kuna somo. Watu wa Gazi, kaunti ya Kwale, wanaendesha mradi wa Mikoko Pamoja tangu 2013: hekta 117 za mikoko, wanauza hewa ya kaboni, yaani wanalipwa kwa kaboni ambayo mikoko hiyo inaihifadhi, na pesa zinaonekana kijijini kwenye maji na madarasa. Hekta 117 ni tone ukilinganisha na mikoko yote ya Kenya, ila mradi uko chini ya makubaliano ya wanajamii na idara ya misitu, na mvuvi wa Gazi akikuta mtu anakata boriti kwenye sehemu iliyohifadhiwa anajua anayeibiwa ni yeye. Linganisha na upandaji wa mikoko unaofanyika kwa wageni wa siku moja. Mbegu ya mkoko ni ndefu na nyembamba, unaichomeka tu kwenye tope, ndiyo maana kila anayekuja anapanda mkoko. Lakini upande unaopigwa na mawimbi ni mahali pa mlilana. Mchu una sehemu zake, mkandaa una zake. Mzee yeyote wa Vanga au Lamu aliyekata boriti ujanani atakuonyesha mpangilio huo bila kitabu. Mkoko uliochomekwa mahali pa mlilana unang'olewa na maji mwezi huohuo, na bado umehesabiwa.

Tanzania inaugua ugonjwa huu huu wa hesabu, hata ikiwa na Shinyanga kwenye historia yake. Agizo ni kwamba kila halmashauri ipande miti milioni 1.5 kwa mwaka. Kwa halmashauri 184 hiyo ni miti milioni 276. Tuseme yote ipone, jambo ambalo halijawahi kutokea popote, na tuipande 1,000 kwa hekta: tumepata hekta 276,000. Takwimu za serikali zinaonyesha kwamba kati ya 2002 na 2013 nchi ilipoteza wastani wa hekta 469,420 za misitu kila mwaka. Miche peke yake haiwezi kulifikia tundu hilo. Mashamba mapya na mkaa ndivyo vinavyokula misitu, na kwa maoni yangu mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya watu ifikapo 2034, ni sera ya misitu zaidi kuliko nusu ya kampeni zenye neno mti kwenye mabango. Taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 zilipopigwa marufuku kutumia kuni na mkaa mwishoni mwa Januari 2024, shule nyingi zililalamikia gharama, na malalamiko hayo yalikuwa ya haki. Lakini hapo angalau serikali ilikuwa imeshika upande wenye uzito. Mtungi wa gesi unaobaki na gesi Temeke mwezi mzima una faida kwa miombo ya Kisarawe na Handeni kuliko mwenge wa kupanda miti. Usipojazwa tena kwa sababu bei imepanda, mama anarudi kwenye gunia la mkaa jioni hiyohiyo, na hakuna lengo la mazingira litakalomzuia.

Najua jibu la watu wa wizara. Watasema bila tarakimu hakuna wa kuwajibishwa; waziri akiulizwa bungeni lazima ajibu kwa namba; wafadhili wanataka namba; hata mimi nimejaza namba humu. Ni kweli. Siombi namba zifutwe. Naomba zihamishwe. Mti uhesabiwe baada ya masika ya tatu, na ripoti ya mwaka huu iwe ya miche ya miaka mitatu iliyopita, hata kama aliyeipanda ni waziri mwingine. Nyika ipimwe kwa nyasi zake na kwa idadi ya miezi mifugo inapata malisho, na kaunti kame ziachiwe zisipewe mgao wa miti ambao zitalazimika kuudanganyia. Kila hekta iliyoandikwa kuwa inarejeshwa iwe na jina la mwenye haki nayo karibu yake: familia, kijiji, chama cha jamii cha msitu chenye mkataba uliotiwa saini, au ukoo. Sheria ya misitu ya Kenya ya 2016 inaruhusu mikataba hiyo. Orodha ya misitu yenye mikataba inayotekelezwa, pamoja na kiasi ambacho wanajamii walipata kutokana nayo, ingenieleza hali ya bilioni 15 vizuri kuliko JazaMiti yote.

Atakayesema kwamba haki za watu ni gharama kubwa kwa nchi yenye madeni apige hesabu moja. Hadi nyumba za Sasimwani zinachomwa, amri ya Arusha ilikuwa haijatekelezwa. Fidia iliyoamriwa ni Sh157.85 milioni. Igawe kwa miche bilioni 15. Inatoka takriban senti moja ya shilingi kwa kila mche, na hatimiliki ya pamoja inahitaji mpimaji, karatasi na saini ya waziri.